Jani la Tatu Kutoka Juu

Siku Daktari Vasundhara, mtafiti wa mbegu, aliporudi kutoka Bangalore na karatasi ya majibu ya majani yetu, mimi nilikuwa nimeshavaa shati jeupe. Nilijua mstari wa ishirini na mbili umeshinda. Mistari arobaini ya karanga, kila mmoja na mbegu yake, ilikuwa imeachiwa mvua peke yake ili ijulikane ipi inavumilia ukame, na mvua ikagoma tangu Agosti. Thelathini na tisa ilikuwa imelala chini kama mbwa wa mchana. Wa ishirini na mbili, nikiutazama kutoka mwanzo wake, ulikuwa bado kijani.

Mbegu zake zilikuwa za marehemu baba yangu, karanga ndogo nyekundu ambazo hakuna tena anayezipanda katika wilaya yetu. Kibuyu kimoja tu kilibaki, nami nilikimimina chote kwenye mstari ule. Mwisho wa msimu mistari minane bora ingeendelea kupandwa. Iliyobaki ingechanganywa ikamuliwe mafuta, na hapo mbegu ya baba ingekwisha duniani.

"Mzee Obulesu, keti kwanza," Daktari alisema.

"Nasikia vizuri nikisimama."

"Ishirini na mbili imekuwa ya arobaini."

Nagaratnamma aliangua kicheko. Huyu ni binti wa mjomba wangu, mwenzangu wa palizi, na kwetu binti wa mjomba huhesabiwa shemeji, ana haki ya kukutania mpaka kaburini. "Shemeji! Shati lote hilo kwa kushika mkia?"

"Mashine ya Bangalore imekosea," nikasema.

"Imerudia mara tatu, mzee."

Sikuweza kusema pakiti za majani zimechanganywa, kwa kuwa nilizifunga mwenyewe. Mimi ndiye niliyechuma jani la tatu kutoka juu katika kila mstari, nikalikausha, nikalisaga mpaka likawa laini kama wanja. Na maana ya kazi hiyo naijua. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la jioni, na tangu hapo sishiki kazi nisiyoielewa.

Katika hewa, kaboni ipo ya namna mbili, nyepesi na nzito. Jani lina matundu ambayo jicho halioni. Likiyaacha wazi, hewa huingia tele, nalo hujichagulia ile nyepesi na kuiacha nzito. Lakini maji yake hutoka kwa milango hiyohiyo. Mmea wenye kubana maji hufunga milango. Hewa ya ndani huwa haba, na mwenye njaa hana miiko: hula na nzito pia. Kwa hiyo jani likichomwa ndani ya mashine, moshi wake husimulia jinsi mmea ulivyotumia maji msimu mzima. Daktari aliponieleza mara ya kwanza nilivua kilemba.

"Jani hili linasema lilikunywa," Daktari aliendelea. "Halikubana hata kidogo. Nani amelimwagilia?"

"Hakuna. Ufunguo wa bomba ninao mimi."

Nilikwenda shambani nikiwa na hasira. Saa ya chakula ilipofika nikaketi kwenye tuta, mwanzo wa mstari wa baba, mahali pangu pa kila siku. Nikala ugali wa ulezi na chatne ya karanga zilizosagwa na pilipili, nikanywa mtindi, nikanawa, nikasuuza mkebe wa chakula. Kisha wanawake wa palizi wakaja mmoja mmoja, wakanawa hapohapo.

Mkono wangu ulikuwa bado umeinamisha mkebe, ukimwaga maji ya kusuuzia juu ya shina. Ukaganda.

Kwetu maji hayamwagwi kwenye udongo mtupu. Hata ya kunawia lazima yapate mzizi. Na mimi ndiye niliyewaambia, tangu siku ya kwanza: "Msimwage ovyo, leteni hapa." Watu saba, siku sabini.

Nagaratnamma aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Hakucheka.

"Kaa kimya," alinong'ona. "Wakubwa wa utafiti wakija wanapima gunia, hawaulizi majani. Mstari huu utazaa kuliko yote. Ukisema, wataufuta leo."

"Jani limeshasema."

"Jani halina mdomo, shemeji!"

"Linao, Nagaratnamma. Limesema kweli mbele ya Daktari, na mimi nimeliita mwongo."

Niliona aibu kushindwa ukweli na jani. Nikaenda nikasema yote.

Daktari alifuatana nami hadi mwanzo wa mstari. "Majani uliyachuma wapi?"

"Hapa mwanzoni. Yalikuwa yanapendeza."

"Na mistari mingine?"

"Katikati, kama ulivyoagiza."

"Kumbe mtoto wako umempeleka kupigwa picha amepakwa mafuta!" Akavua viatu, akatembea mstari mzima, mita sita, mpaka mwisho. Huko mimea ilikuwa imelala kama ya wenzake. "Maji ya mkebe hayakufika huku. Chuma tena. Pakiti moja kila mita."

Tulikuwa tumeshang'oa karanga, mafungu ya kila mita yakining'inia na vibao vyake, majibu yalipofika. Safari hii nilisoma mwenyewe, kwa sauti, Nagaratnamma akiwa begani kwangu.

Mita ya kwanza: imekunywa. Ya pili: imekunywa, ila chini ya ya kwanza. Ya tatu: nusu kwa nusu. Ya nne, ya tano, ya sita: zimebana kweli, na kaboni nzito imejaa kuliko katika mistari yote isipokuwa miwili.

Daktari akaandika: nusu ya mbali iendelee, nusu ya karibu ifutwe. Kisha akasaini.

"Hiyo nzito ni nyingi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Katika chembe elfu za kaboni, kumi na moja hivi."

"Na kati ya mita ya kwanza na ya sita, tofauti ni ngapi?"

"Haifiki hata chembe moja, mzee. Ni kipande cha chembe."

Nagaratnamma alifunika mdomo kwa ncha ya sari. Mimi nilirudia zile namba sita, polepole, kutoka juu kwenda chini. Nilipofika ya nne kidole changu kilisimama chenyewe, maana hapo ndipo maji ya mikono yetu yalipoishia.