Mafuta Mapya

Habari ilipofika kwamba mfalme amemkabidhi Kiongozi serikali, baba yangu alitundika bendera juu ya mlango wa duka lake la dawa, akarudi ndani na kusimama nyuma ya mizani, kama mtu aliyekwisha kulipa kodi ya uhai wake. Mimi nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya heshima: shule ya bweni ilikuwa imenisimamisha masomo kwa kosa la kuivika sanamu ya mfalme, ile ya plasta, kofia ya mpishi.

Mji wetu mzima wa Montebruco ulijua mashati meusi, wafuasi wa Kiongozi, husherehekea vipi. Humtafuta mkomunisti, wakamnywesha mafuta ya mbarika, dawa ambayo kijiko kimoja humkesheza mtoto chooni. Wao hupima kwa kikombe. Mjomba Quinto, mkuu wa chama cha vibarua, walikuwa wamemnywesha wakati wa mavuno ya ngano, akaharisha damu. Daktari alisema wakirudia, aitwe padri, yeye asisumbuliwe. Mjomba akajibu kwamba hata padri asisumbuliwe.

Mafuta yenyewe waliyachukua kwetu. Baba hakuwa na ubavu wa kuwanyima. Basi asubuhi ile, kwa taadhima yote ya mhuni aliyesomeshwa, niliimwaga mbarika iliyokuwa kwenye chupa ya kahawia mezani, nikatia mafuta ya zeituni yaliyotoka kinuni jana yake. Kando nikaweka kikombe cha bati, rangi isionekane.

Walimleta mjomba mchana, mikono imefungwa, damu ikimtoka puani. Aliyewaongoza ni Gaspero, ambaye tangu utotoni alibeba magunia ya zeituni pamoja na mjomba katika kinu kimoja.

"Bwana Anselmo," alimwambia baba, "leo sikukuu. Mgeni wetu ana kiu."

"Kiu ninayo," mjomba akasema, "ila ya divai. Au Kiongozi wenu ameshaimaliza?"

Walimpiga rungu la mgongo, wakamkalisha kigodani. Nikamimina kwa uso wa msimamizi wa mazishi. Nikamkonyeza mjomba. Hakuniona, alikuwa amefumba macho, akikingojea kifo chake.

Sasa, kwetu vilimani mafuta mapya hayamezwi kimyakimya. Mtu akiyaonja mara ya kwanza katika mwaka, huvuta hewa kwa meno, hukohoa yanapomchoma kooni, kisha huubariki mti. Jambo hilo hatufundishwi. Tumelinyonya pamoja na maziwa.

Mjomba akameza. Koo lake likasita. Akavuta hewa kwa meno. Akakohoa. Kisha, macho bado yamefumbwa, akasema taratibu, kama aliye kinuni:

"Mti uishi."

"Uishi na uzae," Gaspero akaitikia, kabla hajajua kinywa chake kimesema nini.

Gaspero alikichukua kikombe, akakinusa, na kwa kitambo uso wake ukawa wa kijana mbeba magunia. Nikadhani tumepona.

"Vipi, mkubwa?" mmoja wa wenzake akauliza kwa kebehi. "Tumekuja kusali?"

Uso ukajifunga.

"Mafuta mazuri," Gaspero aliniambia, karibu kwa upole. "Bweni limekusomesha. Lete ile iliyoko rafuni. Utamnywesha wewe."

"Gaspero, mwanangu," baba akasema, "huyu bado mtoto."

"Basi mnyweshe wewe, Bwana Anselmo."

Baba akaitazama mizani.

Chupa ya rafuni ilikuwa bado imefungwa kwa lakiri ya kiwandani, na wote waliiona. Utundu wangu haukuwa umefika huko. Niliifungua. Mbarika ni nzito. Ilishuka polepole, kama nayo inaogopa.

Mjomba akafumbua macho. "Kumbe ni wewe, Delmo. Yale ya kwanza ya kinu gani?"

"Cha Bergullo, mjomba."

"Nilijua." Alilamba midomo, akavitafuta vitone vilivyobaki. "Haya, mpwa wangu. Wewe huishiwi maneno. Nichekeshe kwanza."

Nje kengele zilikuwa zikimlilia Kiongozi kwa shangwe. Gaspero aliinamisha kichwa, akitazama viatu vyake. Kikombe kilikuwa kimejaa mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona cha kuchekesha popote.

Nikaanza na mfalme wa plasta. Nikaanzia mbali, mbali sana, ili kikombe kingoje, tangu udongo wake ulipochimbwa.