Vitabu Vyembamba vya Muyinga

Kasilda alianza kumshuku mwenye duka kwenye swali la nne.

La kwanza lilikuwa la kawaida: watoto wana umri gani. La pili pia: wako wangapi. La tatu, nyumbani wanaongea lugha gani, alilijibu shingo upande. Ndipo yule mama wa Kihindi wa mtaa wa Magarama, ambaye wapita njia wote walimsalimia kwa jina la Khatija, alipoweka viganja vyake juu ya meza na kuuliza:

"Na we mwenyewe, mwalimu, unajua namna gani kama wanasoma?"

"Wananisomea. Nawasikia."

"Unawasikia," Khatija alirudia polepole, kama mtu aliyeonja maziwa na kukuta yamechacha.

Kasilda hakuja kuhojiwa. Alizaliwa Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akasoma huko hadi kidato cha nne, kisha akarudi Burundi na mumewe Venansi kulima Ryansoro. Kila Jumamosi aliwakusanya watoto kumi na wanne kwenye chumba cha kanisa akawafundisha kusoma Kiswahili. Msimu huo wazazi walilima shamba moja la maharagwe kwa pamoja, wakayauza, wakamtuma yeye mjini akanunue vitabu. "Chagua vitabu vinavyoonekana," Nazario, mkuu wa wazazi, alimsisitizia.

Na alishachagua. Kilikuwa kitabu kikubwa, chenye jalada gumu na picha ya kiboko aliyepanda baiskeli, kila ukurasa umejaa maandishi. Darasani alikuwa nacho kimoja, na watoto walikiporomosha kama maji. Alitaka vingine kama hicho, kila mtoto awe na chake.

Khatija alimpokonya taratibu, akakisukuma chini ya meza.

"Hii mi sikuuzii. Si ya watoto yako. Enda Muyinga, kwa kaka yangu Aliraza, yeye iko na zingine. Na uende na mtoto moja, ule mwenye anasoma kushinda wote."

Kasilda alitoka dukani damu ikimchemka. Tangu lini mfanyabiashara akamkatalia mteja? Bila shaka vile vizuri wanawekewa watoto wa mtaa wa Musinzira, wanaopelekwa shule kwa gari. Wakulima watupiwe masalia, tena wayafuate Muyinga. Na mtoto wa nini?

"Mtoto hapelekwi kwa watu tusiowajua," Venansi alisema nyumbani, na ndivyo Kasilda mwenyewe alivyofikiri. Lakini hakutaka kushuku bila ushahidi. Jumanne alimwomba jirani yake Adventina, aliyekuwa akienda mjini, apite kwenye duka lile na kuomba kitabu cha kiboko.

Adventina alirudi nacho mkononi.

"Kakuuzia?"

"Kaniuzia, tena kwa tabasamu."

Basi. Kasilda alikitia kitabu kwenye begi, akamchukua binti yake Gaudensia wa miaka minane, msomaji bora wa darasa, wakapanda basi la kupitia Karuzi. Hakuwa anakwenda kununua. Alikuwa anakwenda kumwambia huyo Aliraza, mbele ya wateja wake, kwamba wakulima wamewashtukia.

Duka lilikuwa karibu na soko la Muyinga. Aliraza alikuwa mzee mwembamba, miwani imeshikiliwa kwa uzi, na kabla Kasilda hajafungua kinywa alisema, "We ni mwalimu wa Ryansoro. Dada yangu alinipigia simu. Karibu nyuma, makarto iko kule."

"Nyuma siendi. Tutaongea hapa hapa mlangoni."

Aliraza alimtazama, akamtazama na mtoto, akaelewa. Hakukasirika. Aliingia mwenyewe, akaburuta katoni moja hadi kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na vitabu vyembamba kama madaftari, kurasa nane, kumi, kila ukurasa una picha ndogo na mstari mmoja au miwili.

Kasilda alichukua kimoja, akakitikisa. "Hivi ndivyo mnavyowapa wakulima?" Akatoa kile cha kiboko na kukibamiza mezani. "Na hiki ni cha nani? Jirani yangu ameuziwa Jumanne, mimi nikanyimwa!"

Wateja wawili waligeuka. Aliraza alivuta kiti. "Bon. Mtoto asome."

Gaudensia alifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kiboko, akasoma kwa sauti ya kujiamini, wa pili, wa tatu, hakukwama hata mara moja. Kasilda aliwatazama wale wateja wawili kwa fahari. Ndipo Aliraza akakichukua kitabu, akafunua mbele zaidi, akaifunika picha kwa daftari lake.

"Na hapa?"

Gaudensia aliinama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Aliraza aliweka kidole chini ya neno moja fupi, neno ambalo mtoto alikuwa ametoka kulitamka mara nne: *mto*.

"Hii ni nini?"

Gaudensia alimtazama mama yake. "Picha iko wapi?" akauliza.

Kasilda alifungua kinywa. Alitaka kusema mtoto amechoka na safari. Alitaka kusema mzee amemtisha. Lakini Aliraza alishaweka kitabu chembamba magotini mwa mtoto, picha imefunikwa vile vile, na Gaudensia akaanza kujikongoja, silabi kwa silabi, kama anayevuka juu ya mawe. "Ba... ba. Baba. A-na-li-ma. Baba analima." Akainua uso, ameduwaa.

"Ile alikuwa amekariri," Aliraza alisema. "Hii anasoma. Rahil, mtoto ya Khatija, alikariri hivyo miaka mbili. Tulikuwa tunamuita mbele ya wageni, anasoma, tunapiga makofi. Mwaka wa tatu, mwalimu anamupa karatasi haina picha, mtoto analia. Na ni kitabu ya duka yetu wenyewe. Donc, ndio maana sasa Khatija anauliza kila mutu."

"Jirani yangu Adventina hakuulizwa."

"Una hakika?"

Kasilda alipiga simu hapo hapo. Upande wa pili Adventina alijibu huku akipepeta kitu: "Aliniuliza, eeh. Kama mtoto atasoma mwenyewe au nitamsomea mimi. Nikamwambia nitamsomea mjukuu wangu. Kwani kuna nini?"

Kasilda alikata simu. Aliingia nyuma ya duka, akapiga magoti kwenye sakafu, akaanza kuchagua. Sasa alishuku kila kitabu. Gaudensia alisoma ukurasa wa kila kimoja, picha imefunikwa. Akikwama kwenye maneno matano, kinawekwa kando. Herufi zikiwa ndogo na zimebanana, kando. Kimoja Aliraza alikisifu sana, Kasilda akakisoma chote na kukirudisha: "Hakuna kinachotokea humu. Mtoto atasoma ili iweje?"

"Hiyo pia unakataa?" mzee alinung'unika.

"Hiyo pia."

Jumamosi wazazi walijaa kwenye chumba cha kanisa kuona mavuno yao. Nazario alipima rundo kwa mkono mmoja, uso ukamkunjamana.

"Hizi ndizo? Maharagwe yote ile? Kasilda, ule Muhindi alikufunga macho, ao mulipatana?"

Minong'ono ilianza. Kasilda aliitambua sauti ile, kwani wiki nzima ilikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Chagua kitabu wewe," alisema. "Chagua ukurasa. Funika picha. Na mtoto umchague."

Nazario alichagua kitabu cha katikati ya rundo, ukurasa wa mwisho, akaifunika picha kwa kofia yake. Akamwita binti mdogo aliyekaa nyuma kabisa, ambaye siku zote aliwafuata wenzake kwa midomo tu.

"Mbu... zi," mtoto alisema. "Mbuzi. A-me... a-me-ku-la. Sha-ti." Akakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, na ghafla akapasuka kicheko, mkono mdomoni. "Mbuzi amekula shati la baba!"

Watoto wengine wakacheka, kisha mama mmoja naye. Nazario hakucheka. Aliondoa kofia, akaichungulia picha, kisha, kwa kuwa mwenyewe hakujua kusoma, akamsukumia kitabu Venansi aliyekaa kando yake.

"Iko imeandikwa hivyo kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nazario alikaa juu ya benchi la mbele. Akatoa kitabu kingine, akafunua katikati, akafunika picha.

"Ule," akamwonyesha mtoto mwingine. "Na ule wa nyuma yake ajitayarishe. Leo nitasikia wote."