Vitufe vya Usiguse

Sipendi mtu aniambie nisiguse. Nawaambia mapema, ili mkisikia nimempayukia mtu mbele ya mtahini wa leseni msiseme mama huyu hana adabu. Adabu ninayo. Nilikaa nayo miaka kumi na moja ya ndoa na haikunisaidia kitu.

Mtalaka wangu ndiye mwenye shule ya udereva, na mtaani kwetu ni hiyo hiyo moja. Wanafunzi wanamwita Usiguse, maana ndilo neno lake la kwanza ukikaa kwenye kiti chake na la mwisho ukishuka. Vitufe vyote vya hewa amevifunika kwa selotepu nyeusi: cha feni, cha kiyoyozi, na kile chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Kiyoyozi kinakula mafuta, anasema. Hewa ya nje inaleta vumbi. Basi gari linazungusha hewa ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni, pumzi na jasho la kila mwoga aliyepita humo. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Madirisha yamefungwa, nguo zinaota ukungu kabatini, nami nikiuliza naambiwa nina mdomo.

Sasa kwa nini nikarudi kwa mtu huyo? Kifua. Mimi ni dobi wa hospitali. Miaka tisa nimesimama kwenye chumba cha mvuke nikipiga pasi mashuka, mpaka daktari wa pale pale akanisikiliza mgongo, akaniambia, "Mama, toka humo, la sivyo utayalalia hayo mashuka." Dereva wa gari letu la nguo anastaafu wiki hii. Msimamizi amenipa siku: nilete leseni Ijumaa, nisipoleta ataajiri mtu wa nje, nami nibaki na pasi yangu. Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Na nilishafeli mara mbili. Mara ya kwanza gari lilinirudi nyuma mlimani, kosa langu, sifichi. Mara ya pili ilikuwa mvua. Vioo vikaingia ukungu, nikatoa mkono kwenye usukani nifute kwa kiganja, nikagonga koni. Usiguse akanisuta mbele za watu. "Huyu haoni! Nimekaa naye miaka yote hiyo, haoni!" Nililia siku tatu. Na nikaamini, mjue. Miezi minane nimetembea nikiamini kwamba macho yangu mabovu na akili yangu nayo ni hivyo hivyo.

Leo asubuhi mvua ilikuwa inamwagika. Nilifika mapema na kipande cha sabuni kavu mfukoni. Kazini ndivyo tunavyofanya kwenye kioo cha mlango: unasugua sabuni, unapangusa kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane tena, na mvuke haushiki siku nzima. Ndiyo kwanza nimeanza upande wa dereva, Usiguse akanidaka mkono.

"Unapaka nini kwenye kioo changu?"

"Sabuni. Inazuia ukungu."

"Hapa si kwa madobi. Usiguse!"

Akaninyang'anya sabuni akaitupa mtaroni. Sabuni yangu! Kisha akachukua tambara lake, lile la mafuta ya kung'arishia dashibodi, akakipangusa kioo chote huku akipiga mluzi. Mtu anayejua vioo angeshika kichwa, maana mvuke hupenda kung'ang'ania palipo na mafuta. Nilimtazama nikamwombea mabaya, na sijutii.

Tulipanda wanne. Mimi kwenye usukani, mtahini pembeni yangu na karatasi zake, mtu mfupi asiyecheka. Nyuma alikaa Usiguse, ambaye kama mwenye gari lazima awemo lakini haruhusiwi kusema kitu, pamoja na fundi uashi mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake. Fundi huyo alishafeli mara nne. Wote tulikuwa tumelowa, na koti la fundi lilikuwa linachuruzika kwenye zulia. Hapo hapo nikajua kitakachotokea.

Mlimani niliondoka bila gari kurudi hata kidole. Nikarudi nyuma katikati ya koni, safi kabisa. Tukaingia barabara kuu, na kabla hatujafika mzunguko, kioo cha mbele kikaanza kupauka kuanzia chini. Vya pembeni vilishaziba zamani. Lori lililokuwa mbele yetu likabaki taa mbili nyekundu, baadaye hata hizo zikawa doa moja.

"Futa kwa mkono uendelee," Usiguse akanong'ona nyuma yangu.

Yaani kile kile kilichonifelisha! Nikawasha indiketa, nikashusha dirisha nione nyuma vizuri, nikaegesha pembeni, nikavuta breki ya mkono. Halafu nikapeleka kucha kwenye selotepu.

"Usiguse!"

"Nyamaza!" Sauti ilinitoka mpaka fundi akaruka. "Umeninyamazisha miaka kumi na moja, leo zamu yako!"

Mtahini akageuka kunitazama. Nikasema basi, nimekwisha, naenda kufia kwenye mvuke. Lakini kucha zilishashika pembe ya selotepu, na kuiacha sikuweza. Nikaibandua yote, ikalia kama kitambaa kinachochanika.

Nikazima kile cha kuzungusha hewa, ili ya nje iingie. Nikawasha kiyoyozi, nikaongeza joto, nikaelekeza feni yote kwenye kioo cha mbele, dirisha nikaliacha wazi vidole viwili.

"Kiyoyozi na joto kwa pamoja? Mwanamke amerukwa na akili!"

"Kiyoyozi kinakausha hewa, joto linapasha kioo," nilimwambia mtahini. "Kazini tunakausha mashuka kwa akili hiyo hiyo."

Mtahini akakitazama kioo. Tukakaa. Kikatokea kijidirisha kidogo chini ya kioo, kikapanuka, barabara ikaonekana, duka likaonekana, na mama mmoja aliyekuwa anavuka na mwavuli akaonekana mpaka rangi ya viatu vyake. Nikasubiri apite, nikaangalia nyuma, nikaingia barabarani. Mzunguko niliuzunguka kama nazunguka uani kwangu.

Tuliporudi, mtahini alisaini karatasi bila kuitazama sana. Nimefaulu. Kisha akamgeukia Usiguse.

"Kila msimu wa mvua nawafelisha wanafunzi wako, wote kwa kosa moja, kufuta kioo kwa mkono. Nilidhani unaokota watu wazito wa kuelewa. Kumbe wewe ndiye uliyewaziba macho."

Akashuka kwenda kuvuta sigara. Mnadhani nilifurahi? Thubutu! Hasira ndiyo iliyokuja. Nilishuka nikamkabili Usiguse pale pale mvuani.

"Miezi minane! Miezi minane unaniambia sioni, na ni wewe!"

Akanitazama kwa utulivu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ni selotepu tu," akasema. "Sikuipigilia misumari. Ungeweza kuibandua siku yoyote."

Matusi yote niliyomwekea tangu talaka, sikulipata hata moja. Nilisimama na ile selotepu imejiviringa kiganjani, nyepesi hata hujui kama umeshika kitu, nikawa nahesabu si miezi minane, ila miaka kumi na moja.

Usiguse akaingiza mkono mfukoni, akatoa selotepu mpya, akakata vipande kwa meno, akavifunika vitufe vyake kimoja kimoja. Kisha akampigia makofi fundi. "Haya, zamu yako!"

Fundi uashi akahamia kiti cha dereva, maji bado yanamchuruzika. Hakusogeza kiti wala hakutazama vioo. Kabla hajafunga hata mkanda, alipeleka ukucha wake mnene wenye saruji kwenye selotepu.

"Usi—"

"Kwani imepigiliwa misumari?" fundi akauliza, na akaivuta.