Usubi Kwenye Vanishi

Asubuhi hiyo Mughli alisema mara tatu: asifungue mtu dirisha! Tena alisema kwa sauti, maana mdogo wake Subhan masikio yake ni ya kupamba kichwa tu. Ulikuwa msimu wa usubi pale ziwani Dal, vidudu visivyouma wala kunyonya damu, kazi yao kutoka majini kwa maelfu na kukera watu. Kisanduku cha karatasi iliyopondwa kilikuwa kimepakwa vanishi ya mwisho, bado kinanata, na mkaguzi wa mashindano ya uchoraji alikuwa anakuja adhuhuri.

Subhan akafungua dirisha.

"Harufu inaniumiza kichwa, dada."

"Kichwa kipi? Hicho?"

Mughli alipofika mezani, maji yalishamwagika. Usubi ulikuwa umenasa, miguu juu, kwenye majani ya mchinari, mti wa kivuli wa kwao, aliyoyachora wiki sita kwa brashi ya manyoya ya paka. Lo! Alitamani kummwagia bakuli zima la chai ya chumvi.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba kwenye fomu ya mashindano, penye jina la fundi, Subhan alikuwa amejiandika yeye. Ndivyo walivyozoea nyumbani kwao: mwanamke anachora ndani, mwanamume anatia jina na kupeleka nje. Lakini safari hii mshindi angepewa darasa la kufundisha wasichana uchoraji, na Mughli alilitaka darasa lile mpaka akakosa usingizi.

Mkaguzi, Bi Dilshada, akaja, akakiinamia kisanduku.

"Kazi safi. Ila hawa wadudu, jamani! Fundi, hebu mtoe huyu mmoja, kisha ulichore upya jani hapo. Nakungoja."

Subhan akashika brashi. Akaichovya kwenye rangi. Akavuta mstari, na jani likatoka nene kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Dada," akanong'ona, "nisaidie basi."

"Mimi? Si unawaambia wageni kazi yangu ni kuchemsha chai?"

Bi Dilshada akavua miwani. "Nani amechora hiki?"

Subhan akamwonyesha dada yake kwa brashi. "Yeye."

"Hiki kimoja tu?"

Usubi ukazidi kuingia.

"Vyote," Subhan akasema, kichwa chini. "Tangu baba afariki."

Mughli akahisi machozi yanamjia, naye hakuwa na muda wa machozi. Akampokonya brashi.

"Sogea huko, unanikingia mwanga."