Fremu ya Pili

Katika ukumbi wa Chama cha Wapima Macho mjini Ibagué, nchini Kolombia, picha za marais waliopita zilitundikwa kwa safu zinazopungua ukubwa, mithili ya herufi za kupimia macho. Wa kwanza alikuwa juu kabisa. Wa pili alikuwa fremu tupu yenye jina tu: Abelardo Bocanegra.

Hersilia, binti yake, mpima macho kama yeye, alikuwa ameitazama fremu ile miaka arobaini ya kazi. Baba alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja, kisha mto ukafurika na kuzoa picha zote za nyumbani. Kilichosalia ni miwani yake, ambayo mama aliiokoa ndani ya mkoba. Uso wa baba, Hersilia hakuujua.

Asubuhi hiyo Wilmar, rais wa sasa, alimpigia simu, naye akatoka mbio bila kumaliza kahawa. Picha ilikuwa imepatikana katika droo ya meza kuukuu. Wanaume watatu, wote na masharubu, wote na miwani. Nyuma imeandikwa: Rais Bocanegra na wageni wake, 1958.

"Ni huyu wa katikati, Daktari," alisema Wilmar. "Tena pua ni yako, usiikane."

"Pua hiyo ni ya nusu ya mji huu. Nipe kioo cha kukuzia."

Maisha yake yote aliwabadilishia watu lenzi akiwauliza, "Hivi, au hivi?" Leo swali limemgeukia mwenyewe, na akikosea atamwita mgeni baba mpaka kaburini.

Wa katikati na wa kushoto, miwani iliwakuza macho. Wa kulia alikuwa amejibanza pembeni. Mstari wa shavu lake ulipofika ndani ya lenzi ulikatika, ukasogea kuelekea puani. Hivyo hufanya lenzi kali ya asiyeona mbali. Na miwani ya baba aliipima tangu akiwa mwanafunzi: hasi tisa, ya mtu asiyeona mbali kabisa.

"Huyu," alisema, akimwekea kidole wa kulia.

"Huyu aliyesimama kama kaleta viti?"

"Huyo huyo. Kawapisha wageni."

Wilmar aliitia picha kwenye fremu, akaitundika. Kisha akamrudisha Hersilia nyuma, akihesabu hatua kama afanyavyo na wagonjwa.

"Mita sita. Haya, soma."

Hersilia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Haikusaidia kitu; ukungu ulikuwa wa machozi.

"Soma tu unachokiona, Daktari."

"Baba," alisoma, neno ambalo hakuwahi kumwita mtu.