Mkanda Shingoni mwa Poleng

Nilikuwa mlinzi wa kijiji. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma nisiyostahili: kosa lilikuwa langu, na nilikuwa na wiki tisa nzima za kufungua mdomo.

Poleng alikuwa mbwa wa madoa meusi na meupe. Sisi walinzi hujifunga kiunoni kitambaa cha miraba ya rangi hizohizo, kwa hiyo watu walinitania kwamba nyumba yangu imetoa walinzi wawili, na mwenye akili ni yule wa miguu minne. Sikukasirika. Mwaka ambao mama yangu aliteleza akaanguka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, Poleng ndiye aliyekuja kunivuta nguo, akanivuta mpaka nikamfuata. Mama aliishi miaka miwili zaidi kwa sababu ya mbwa yule. Mke wangu, Luh Rasmini, hakulisahau jambo hilo. Kila asubuhi alipoweka langoni sadaka ya wali kwenye kipande cha jani la mgomba, kwa ajili ya wale wasioonekana, Poleng alikaa pembeni akisubiri ubani ufuke kwanza. Moshi ukishapanda, wali ni wake. Mbwa wa watu wengine walirukia tu. Huyu wetu alikuwa na adabu kuliko baadhi ya shemeji zangu.

Mwaka huo kichaa cha mbwa kiliingia kisiwani. Watu wa chanjo wakatangaza siku: kila mwenye mbwa amshike mwenyewe, achomwe sindano, avishwe mkanda mwekundu shingoni. Watakaporudi, mbwa asiye na mkanda atapigwa mshale wa sumu. Siku yenyewe iliangukia wiki mbili kabla ya Siku ya Kimya, mwaka mpya wetu, na wanaume wote tulikuwa ukumbini tukifunga mianzi ya lile sanamu la jini tunalolizungusha mkesha wake. Asubuhi nilimfunga Poleng kamba kwenye nguzo ya ghala la mpunga. Akalia. Kwetu mbwa hafungwi, na yeye hakuwahi kuijua kamba tangu azaliwe. Nikamwonea huruma, nikamfungua, nikajiambia nitamwita wakifika. Walifika nikiwa nimepanda bega la jini, nabandika nywele. Poleng alikuwa korongoni, anafukuza mijusi.

Mbwa wa jirani yangu Gede Rauh alichanjwa siku hiyo, na siku ya tatu akagongwa na lori la mchanga. Nilimsaidia Gede kuchimba shimo. Kabla hatujafukia, nikamwomba ule mkanda.

"Chukua," akasema. "Lakini mpeleke mjini akachomwe. Usinitie kwenye kesi na maiti ya mbwa wangu."

"Wiki ijayo nampeleka."

"Wiki ijayo yako naijua mimi. Paa la jiko lako linavuja tangu wiki ijayo ya mwaka juzi."

Tukacheka, majembe mkononi. Nikaenda kumvisha Poleng, na mkanda ukamkaa vizuri sana.

Siku ya Kimya hakuna anayetoka nje ya ua wake, hakuna moto, hakuna kazi, hata ndege hazitui. Barabarani wanabaki walinzi na mbwa. Mchana nilikuwa napita na Poleng karibu na makaburi, akatokea mbwa mgeni wa rangi ya kahawia, anayumba, mate yanamtoka. Hakubweka. Alimrukia Poleng, akamng'ata bega. Nikamtwanga fimbo mara tatu ndipo akamwachia, akaondoka huku akiuma hewa.

Nilijua. Sitasema sikujua. Kijiji kizima kilikuwa ndani, na mimi ndiye niliyewekwa nje niwe macho ya wengine.

Ningesema, wangeuliza kuhusu chanjo, ukweli wa mkanda ungetoka, na Poleng angekufa siku ileile. Kwa hiyo nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikamwambia mke wangu amekwaruzwa na waya. Wiki ya kwanza nilimchungulia kila asubuhi, moyo juu. Wiki ya nne kidonda kilikuwa kimefunga. Wiki ya sita nilianza kujiona mjanja, na mtu akinisifu mbwa wangu nilikuwa naitikia bila haya.

Wiki ya tisa, Poleng hakusubiri moshi. Rasmini aliinama kuweka wali, na yeye akamng'ata mkono bila hata kunguruma, kisha akakimbilia uvunguni mwa ghala akajikunja huko. Damu ilichuruzika mpaka kwenye jani.

"Nimemkanyaga," Rasmini akasema. Hakumkanyaga. Nilikuwa nimesimama palepale na kikombe changu cha kahawa.

Nilimnawisha kwa sabuni, nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akaeleza kwamba sindano zimebaki chache, wanaanza na waliong'atwa na mbwa wasiochanjwa. Akauliza kama wa kwetu ana mkanda. Rasmini akajibu haraka, karibu kwa majivuno, kwamba anao, mwekundu, na kwamba ni mbwa mwenye adabu. Basi tukaambiwa turudi nyumbani tumwangalie mbwa kwa wiki mbili. Mimi nikasema asante. Mpaka leo nikiikumbuka asante ile natamani kujizaba kofi.

Nyumbani, Rasmini hakukaa hata kidogo. Akachota maji kwenye bakuli kwa ule mkono mzima, akaelekea ghalani. Nikamkingia njia.

"Mwache, Mama Sekar."

"Ana kiu. Tangu asubuhi hajanywa."

"Ule mkanda si wake."

Akanitazama. "Ni wa nani?"

"Wa mbwa wa Gede, yule aliyegongwa. Poleng hajawahi kuchomwa. Na Siku ya Kimya aling'atwa na mbwa mgonjwa. Nilimwona kwa macho yangu."

Aliliweka bakuli chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Kule kituoni nilisema anao," akasema. "Ulikuwa nyuma yangu, Baba Sekar. Ulikuwa unanisikia."

Nikalisogeza bakuli kwa mguu, mbali na ghala.

"Ungeniacha nife kwa aibu ya mkanda?"

"Nilitaka asife."

"Nani? Mbwa?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Na mimi nampenda, mjinga wewe. Mwenye kumpenda angemshika siku ile ya sindano, alie mpaka akome. Washa pikipiki. Safari hii utasema wewe."

Nikasema. Muuguzi hakunigombeza, akapiga simu tu, na kabla jua halijazama Rasmini alikuwa amechomwa sindano ya kwanza hospitali ya mjini, na zilizobaki akapangiwa tarehe. Wakati huo Gede, niliyemweleza yote tulipopita kwake, alikuwa amezungushia ghala letu mikeka ya mianzi na kukaa hapo na mwanzi mrefu mkononi. Tuliporudi hakunitania. Nilitamani sana anitanie.

Asubuhi walikuja wawili, daktari wa mifugo na msaidizi wake. Poleng alikuwa amejibana kwenye pembe ya mwisho, na kila aliyesogea alimngurumia. Daktari alisema mshale kutoka pale ni wa kubahatisha. Akijeruhiwa akachomoka, atashuka korongoni, na huko chini kuna nyumba kumi na nne zenye watoto. Akauliza kama kuna mtu ambaye mbwa huyu bado anamsikiliza.

Rasmini alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono umefungwa bendeji. Tangu jana alikuwa hajanisemesha, na alipotaka kujua saa alimwuliza Gede.

Nikachuchumaa nyuma ya mkeka, penye nafasi aliyoiacha daktari, naye kando yangu, sindano yake ya sumu ikiwa tayari kwenye ncha ya fimbo ndefu. Nikamwita kwa sauti ileile ya kila siku, ya kwenda doria. "Poleng, twende. Twende, mzee. Hakuna kitu." Sauti ilinitetemeka, nikairekebisha ili asishtuke. Ndiyo, hata hapo nilikuwa na ufundi wa kudanganya.

Akainua kichwa. Mate yalikuwa yakimning'inia, na miguu ya nyuma ilikuwa haimtii tena. Aliniangalia kitambo, akajikokota hatua kwa hatua, mkia ukijaribu kutikisika, mpaka akafika pale nilipomwambia hakuna kitu. Katika ua wote ule, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anaamini neno langu.