Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Dada yangu ni mshona nguo. Chuo nilisoma mimi, yeye akinisomesha kwa cherehani chake, kwa hiyo naona haya kusema kwamba nilimwonea wivu kwa sababu ya kitabu.

Kitabu chenyewe nilimletea mimi, kutoka maktaba ya chuo ninakojalidi vitabu vilivyochakaa. Ni riwaya kongwe ya mtu aliyefunga duka lake, akaenda kwa miguu nchi hadi nchi akiwauliza watu wanaishi kwa ajili ya nini. Mimi niliisoma kwa ajili ya mtihani. Nilipata alama nzuri, nikaisahau. Dada aliisoma pini zikiwa bado mdomoni.

"Mdogo wangu, huyu mtu ananijua."

"Ni wa kubuniwa, dada."

"Wa kubuniwa, mbona ananisema?"

Hata wateja walianza kumwulizia. "Yule msafiri wako kafika wapi?" mama mmoja aliuliza huku akipimwa kiuno. Jioni, saa zetu za kupiga soga, nilimsimulia mambo ya kazini naye akaitikia "mmh" bila kuinua macho. Sikujua nimwonee wivu nani: kitabu kilichoninyang'anya dada, au dada aliyepewa na kitabu kitu ambacho mimi, mwenye cheti, sikupewa.

Siku moja akauliza, "Hivi nikikifunga hiki cherehani mwezi mzima, nitakufa?"

"Uende wapi?"

"Lazima pawe na wapi?"

Hatujawahi kulala nyumba mbalimbali tangu mama afariki.

Wiki hiyo kitabu kikaachia nyuzi. "Fundi, mgonjwa wako huyu," alisema, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kitabu hushonwa kwa mikunjo, kila mkunjo kurasa kumi na sita. Nilishona yote, isipokuwa wa mwisho. Huo niliutia kwenye droo yangu ya kazini, chini ya matambara ya gundi. Nilitaka tu akwame, anirudie mimi kuniuliza.

"Mbona kimekonda?" aliuliza fundi mkuu.

"Nyuzi mpya, mzee."

Alinitazama, akaniacha.

Dada hakukwama. Alimaliza, akakifunga, akakilaza kifuani.

"Kimeisha vizuri, jamani! Amefika darajani, ameweka mguu mmoja, basi. Mengine kaniachia mimi."

"Kakuachia nini?"

"Daraja, we naye! Hivi msomi humu ndani ni nani?"

Alicheka hadi akapaliwa. Kisha akaenda chumbani, nikasikia akiburuta begi kutoka uvunguni.

Mimi nilijua kilichokuwa ng'ambo ya daraja. Ndilo swali lililokuja kwenye mtihani: kwa nini msafiri anarudi nyumbani? Kesho yake nilirudi na mkunjo ule ndani ya bahasha.

"Hakijaisha," nilimwambia. "Kuna nilichokificha."

"Ulificha nini?"

"Mwisho. Nilikuonea wivu."

"Mimi? Wa shule ya msingi?"

Machozi yalinitangulia. Alichukua zile kurasa, akazisoma amesimama mlangoni, midomo ikimchezacheza. Nilimngoja kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Anarudi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na wewe unataka niyaone hayo nisiende."

"Nataka."

Alinifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Lakini amerudi baada ya kwenda, mdogo wangu. Hata mimi nitarudi. We mtoto, ungeniambia tu."

Akanirudishia zile kurasa. "Haya, zishone mahali pake. Naondoka nacho kesho asubuhi, na maktaba utawaeleza mwenyewe."

Nilikaa kitini pake, nikatunga uzi. Yeye akaendelea kukunja nguo, akiimba kwa sauti ya chini. Nilishona tundu moja, nikafumua, nikashona tena.

"Fundi," aliita kutoka chumbani, "mkunjo mmoja tu huo. Harakisha."

Sikuharakisha.